Uzi: Niling'oa pevingi nyuma ya nyumba, ndege wakarudi. Tuelekezane namna ya kuwavuta (kunguru hawahusiki)

#1 MzeeWaGoba (mtoa mada)

Wakuu salaam.

Miaka minne iliyopita nilihamia kwangu Goba, kiwanja mita 20 kwa 30. Kama mtu yeyote aliyetoka kupanga, nikataka nyumba ionekane imekamilika: ukuta mrefu, pevingi kuanzia getini hadi nyuma ya karo, madirisha ya vile vioo ambavyo ukiwa nje unajiona kama uko saluni. Vumbi hakuna, jani hakuna, kila anayeingia anasema hongera.

Haikuisha wiki ya pili, kila kukipambazuka kitu kinagonga dirisha la chumba cha wageni. Ko-ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko. Na chumba hicho kalala mama mkwe, katoka Korogwe kuja kuona nyumba ya binti yake. Siku ya nne akafunga mkoba. Hakusema mengi. "Baba, nyumba hii muisomee kwanza."

Kesho yake nikajibanza nyuma ya tanki. Kumbe ni kale kandege keusi na keupe kanakotembea kama kamechelewa kazini, kakisimama kanatikisa mkia. Kanajiona kwenye kioo, kanadhani dume jingine limeingia eneo lake, basi kanashusha kipigo. Nikabandika magazeti kwa nje kama siku kumi, ugomvi ukaisha.

Ila pale nyuma ya tanki ndipo nilishtuka. Ukimtoa huyo mgomvi mmoja na kunguru waliopanga foleni ukutani, uwanja wangu haukuwa na kiumbe. Mimi nimekulia Muheza kwa bibi, tulikuwa tunaamshwa na ndege kabla ya jogoo. Nikaita kijana mwenye sululu, tukang'oa pevingi theluthi ya nyuma. Mke wangu alinuna wiki nzima, na ana haki, zile pevingi zilinunuliwa na hela yake ya vikoba.

Sasa nilichojifunza, maana nimekosea sana njiani.

Kosa la kwanza lilikuwa chakula. Niliona kwenye video Wazungu wanatundika nafaka na ndege wanajaa, nami nikapanga mabaki ya wali na mkate juu ya ukuta. Walikuja kweli. Kunguru kumi na saba siku ya kwanza, siku ya tatu nikaacha kuhesabu. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Kunguru akishauzoea uwanja wako hakuna asichokiona: kiota cha mnana, yai la tetere, kifaranga cha jirani. Niliwaona kwa macho yangu wakimtoa kinda wa shore kwenye mlimau. Mmoja alitua mbele akampigia mama mtu kelele mpaka akatoka kumfukuza, mwenziwe akaingia kwa nyuma akachomoa. Haikuchukua dakika. Tangu siku hiyo mabaki yanaingia kwenye ndoo yenye kifuniko na pipa la taka lina jiwe juu. Kwa Dar hii, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla hujapanda hata ua moja.

Kilicholeta ndege kuliko vyote ni maji. Msifikirie chemchemi ya marumaru. Ni sahani ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua, pana kama sinia, kina chake vidole viwili vitatu. Katikati nimeweka jiwe linalochungulia juu ya maji, kwa sababu ndege mdogo anataka pa kusimama. Iwe mita mbili tatu kutoka kichakani. Ukiisogeza zaidi paka anajificha humo na kumrukia, ukiipeleka mbali ndege anaogopa mwewe. Saa kumi jioni shore wanakuja wawili wawili (yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi, chini ya mkia njano), wanazamisha kifua, wanapiga mabawa mpaka nusu ya maji iko nje. Mmoja akioga mwingine anakaa kwenye kamba ya nguo kama mlinzi, halafu wanapokezana.

Kingine ni mgomba, ambao sikuupanda kwa ajili yao. Ulipotoa tumba, chozi wakaja, vile vindege vinavyofyonza maua. Dume kifua kinang'aa kijani na zambarau kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Ananing'inia kichwa chini, anaingiza ule mdomo uliopinda kwenye kijiua kimoja, anatoa, anahamia cha pili. Dakika kumi na tano hajachoka. Jike lake la rangi ya vumbi linafanya kazi hiyohiyo upande wa pili na hakuna anayelitazama.

Na mwisho uvivu. Kona ya nyuma kabisa, hatua tano kwa sita, nimekataza isifyekwe. Majani yamefika kiunoni na kutoa mbegu. Sasa wanakuja vile vindege vya kahawia vyenye tumbo jeupe, saba nane wanatua kwenye bua moja mpaka linainama, wanashuka nalo wakiendelea kula. Kijana anayenifanyia usafi kila akija ananiuliza kama nimefulia.

Wenzangu mnafanyaje, hasa wenye viwanja vidogo?

#2 Kibaraza

Mkuu hapo kwa mama mkwe nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Alirudi?

#3 MzeeWaGoba

Alirudi Pasaka. Analala chumba cha watoto.

#4 Mama_Junior_Kimara

Kaka uzi mzuri lakini sahani ya maji uwanjani, Dar es Salaam? Dengue ya 2014 ilinilaza, ya 2019 ikamlaza mume wangu. Mimi nikiona maji yamesimama hata kwenye kisoda namwaga. Unawaambia watu wafuge mbu?

#5 MzeeWaGoba

Dada, hoja yako nzito na nilipaswa kuisema mwanzoni. Kwa joto letu mbu anahitaji kama wiki moja tangu yai hadi kuruka. Mimi namwaga kila asubuhi nikiwa napiga mswaki, kwa hiyo hafiki popote. Lakini kumwaga peke yake ni nusu ya kazi. Yule mbu wa dengue anagandisha mayai kwenye ukingo wa chombo, na yale mayai yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji. Kwa hiyo sugua kwa brashi, ndipo ujaze. Ukisafiri, igeuze kifudifudi.

Na kabla hujaiogopa sahani yangu, zunguka nyuma ya nyumba uangalie vifuu, tairi kuukuu na lile ndoo la rangi lililobaki tangu ujenzi. Kwangu viluwiluwi vya mbu nilivikuta kwenye ndoo la rangi.

#6 Mlikoni

Ndugu yangu hapo kwa kunguru umegonga ndipo. Sisi Mombasa wametumalizia ndege. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, na watu wa mahoteli ndio waliokuwa wakilia zaidi, maana kunguru atua mezani mgeni hajamaliza mkate wake. Ile sumu yao yawekwa kwenye nyama.

Mimi nafuga kuku. Vifaranga kumi na wawili, nikabaki na watatu. Nikaenda kwa wavuvi nikapata wavu uliochakaa, nikafunika banda juu mpaka chini. Hapo ndipo nikapumua. Manati nilijaribu siku moja. Wakanishika sura. Miezi miwili nikitoka nje kwenda dukani wanifuata juu kwa juu wakinitukana mbele za watu. Wallahi.

#7 BiMkubwa_Bububu

Mwanangu wa Likoni, nikucheke au nikusikitikie? Hao wameanzia kwetu Unguja. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ati wasafishe taka za mji. Taka zipo mpaka leo na kunguru wapo. Kutoka hapa ndio wakaenea mwambao. Zamani kunguru wa pwani alikuwa yule mwenye kifua na ukosi mweupe, utasema kavaa fulana chini ya koti. Sasa Dar wa aina hiyo mpaka umtafute.

Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya komba, hamkumtaja. Huku kwangu nina mfenesi na minazi miwili, wanakuja magharibi ikishaingia. Kwanza unasikia kilio, mgeni hudhani mtoto mchanga katupwa. Halafu macho mawili mekundu juu ya kuti ukimulika tochi. Anakula wadudu, anakula fenesi lililoiva, na mgema akisahau kufunika chombo chake basi tembo lote lake. Ndio maana mtu akizidiwa tunasema kalewa kama komba. Hamna haja ya kumfanyia kitu ila kumwachia miti iliyogusana matawi, maana yeye hapendi kushuka chini kwenye mbwa. Jirani yangu aliwazoesha ndizi mkononi. Siku moja kakuta wanne jikoni, mmoja kakaa ndani ya sufuria la samli. Msifanye hivyo.

#8 FundiTegeta

Mimi tatizo langu ni jingine. Nyuma yangu kuna pagale, mwenyewe yuko Afrika Kusini mwaka wa sita. Bundi kahamia mle. Usiku halii kama bundi wa hadithi, anakwaruza, kama mtu anachana turubai. Wamama wa mtaani wameshakaa kikao, wanataka vijana wapande wamchome. Mjumbe kaniambia mimi ndiye jirani wa karibu niamue. Niamue nini sasa?

#9 Chuma_cha_Pua

Bundi ni mkosi, sina maelezo marefu. Alilia juu ya paa la babu yangu Jumapili, Jumatano tukazika. Choma.

#10 DaktariWaMifugo_Moro

Pole kwa babu, mkuu. Lakini mwaka huo bundi alilia juu ya mapaa mangapi ambayo hakuna aliyefariki? Hizo siku hakuna anayezihesabu.

FundiTegeta, fanya hivi. Ingia pagaleni asubuhi, angalia chini ya pale anapokaa. Utakuta vidonge vya kijivu, ukubwa wa kidole gumba, vimeshikana kama sufi iliyolowa ikakauka. Si mavi hayo. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Chukua kimoja uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kitanue kwa kijiti. Niliwahi kufanya hivyo na watoto wa jirani hapa Morogoro: ndani ya kidonge kimoja tukatoa mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele bado ya njano. Mle mapafu na damu vimeshasagika, mifupa misafi kabisa, unaweza kuipanga mezani. Peleka hivyo kwenye kikao cha wamama. Hakuna hotuba itakayowashinda kama taya la panya.

Huyo anayekwaruza ni bundi wa mapagale na madari, mweupe usoni kama amejipaka unga. Hapa Morogoro panya tunawaheshimu, pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, wapo wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ila huyo wa darini kwako hana cheti.

Jambo moja la muhimu kuliko yote. Ukimtaka bundi, acha sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatangatanga amelegea siku mbili tatu, na huyo ndiye rahisi kukamatwa. Bundi anamla, naye anakufa. Tumia mtego.

#11 Chuma_cha_Pua

Daktari nimekusoma. Ila kwangu asitue.

#12 Nyakanyaka

Mimi nampinga mtoa mada waziwazi. Majani hadi kiunoni, Goba, karibu na makorongo? Hiyo siyo bustani ya ndege, ni gesti ya nyoka. Sema ukweli, hujawahi kukuta?

#13 MzeeWaGoba

Nimekuta. Mara moja, wa kijani, amejilaza kwenye mlimau mchana kweupe. Sitadanganya kwamba nilikuwa shujaa, niliingia ndani nikafunga mlango na kumpigia simu mke wangu aliyekuwa sebuleni.

Baadaye nikabadilisha mambo. Kona ya majani ipo mwisho wa kiwanja, mita zaidi ya nane kutoka ukuta wa nyumba. Katikati nyasi fupi tupu, kitu kikivuka unakiona. Nikahamisha rundo la matofali na mbao zilizobaki kwenye ujenzi, maana hapo ndipo panya walikuwa wanazaa, na nyoka anafuata panya kuliko anavyofuata majani. Watoto hawaingii kwenye kona ile, na mimi nikiingia navaa gambuti. Kuhusu wa kijani: wapo wasio na sumu wanaokula mijusi na vyura, na yupo nyoka aitwaye mamba wa kijani, pwani hii yupo, sumu yake inaua. Usijifanye mtaalamu wa kuwatofautisha ukiwa umesimama chini ya mti. Ondoka mwache apite.

Kama una mtoto anayetambaa na kiwanja chenyewe ni hatua kumi, acha habari ya majani marefu, baki na maji na maua. Hapo nakubaliana na wewe.

#14 Mama_Junior_Kimara

Na vinyonga? Binti yangu wa kazi akimwona anataka kumwaga mafuta ya taa.

#15 DaktariWaMifugo_Moro

Kinyonga hana sumu wala haumi mtu ambaye hajamshika. Siku nzima anavizia nzi na panzi. Mpe binti kiti akae amtazame akirusha ulimi, dakika kumi tu.

#16 Sakina_Arusha

Sisi wa huku juu tuna bahati, kunguru wenu hajatufikia kwa wingi huo. Kwangu kilichowaleta chozi ni mishubiri. Niliipanda kando ya ukuta kwa sababu haitaki maji, ikitoa ile mishumaa yake myekundu wanapigania. Na yale maua ya rangi ya chungwa yanayokaa ghorofa kwa ghorofa kwenye bua moja, yapo kila kando ya barabara, hakuna anayeyanunua. Niling'oa mche nikapanda. Yule chozi mkubwa wa rangi ya shaba, mwenye manyoya mawili marefu mkiani, amelifanya bua hilo la kwake, hataki hata nyuki asogee.

Nilipokosea ni mchicha. Kuzumburu wakaja kumi, wakaubakiza vijiti. Sasa naufunika na chandarua cha zamani, na wao nimewaachia papai moja mtini. Anayepanda chakula na kutaka ndege wote kwa pamoja ajiandae.

#17 Dogo_Manzese

Wakuu sisi tusio na uwanja? Nina kibaraza ghorofa ya pili, hatua mbili. Kuna jamaa sokoni anauza chiriku na tundu lake, nimuweke anaimba?

#18 DaktariWaMifugo_Moro

Mdogo wangu usimnunue. Chiriku ni mnyamapori, na kukamata au kumiliki wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Halafu kila unayemnunua, yule jamaa anarudi porini kukamata mwingine, na si wote wanaofika sokoni hai.

#19 MzeeWaGoba

Kibaraza kinatosha sana. Chungu kimoja cha mshubiri, kimoja cha pilipili kichaa, na kisahani cha maji juu ya kigingi. Ukitaka chiriku aje mwenyewe, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe matundu madogo kama punje ya mtama, pitisha kijiti cha urefu wa kidole chini ya kila tundu, jaza uwele, itundike kwa uzi mrefu ibembee. Kunguru ni mzito, akijaribu kutua chupa inageuka naye. Kwangu alijaribu mara mbili, ya tatu akabaki kwenye ukuta anaiangalia tu. Weka kidogo kidogo, kikianguka sakafuni fagia jioni hiyohiyo, la sivyo utalisha panya wa ghorofa nzima.

Usikate tamaa haraka. Mimi sahani ilikaa siku kumi na moja bila hata mmoja kuigusa, mke wangu akawa anaiita bwawa la Nyerere.

#20 Kibaraza

Bwawa la Nyerere 😂 nimeikubali.

#21 FundiTegeta

Nimeleta mrejesho. Nimeokota vidonge tisa. Nimevipeleka kwa mjumbe kwenye bahasha, nikampasulia kimoja mezani kwake. Mke wa mjumbe katoka mbio, lakini mjumbe kahesabu mafuvu mwenyewe. Uamuzi: bundi abaki mpaka mwenye pagale arudi. Mama mmoja kasema basi apewe na kazi ya kula kunguru. Nimemwambia nitamfikishia.

#22 MzeeWaGoba

Safi sana fundi.

Na mimi nina jambo jipya, nahitaji ushauri. Tangu Jumamosi chozi jike anasokota kitu kwenye kamba ya kuanikia nguo, katikati kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Utandu wa buibui, majani makavu, magamba, kinaning'inia kama soksi iliyosahauliwa, mlango wake uko ubavuni. Leo asubuhi nimechungulia kwa mbali, amekaa ndani, mdomo tu unaonekana. Dume yupo juu ya mgomba anaimba, sijamwona akibeba hata jani.

Mke wangu anauliza jambo moja tu: atafua lini?

#23 DaktariWaMifugo_Moro

Kama ameshataga, hesabu wiki mbili za kuatamia na nyingine mbili makinda waruke. Mwezi mmoja hivi. Msisogeze hiyo kamba.

#24 MzeeWaGoba

Nimemsomea. Hajanuna kama siku ya pevingi. Kasema nikanunue kamba nyingine, ndefu kuliko hiyo, na hela itoke mfukoni kwangu.